Somo: Kuthibitisha kipimo cha valproeti katika plazma kwa kromatografia ya gesi

Valproeti ni dawa ya kifafa, na kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni miligramu 50 hadi 100 kwa lita ya plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe. Mashine ya kromatografia ya gesi hutenganisha vitu vilivyomo, kila kimoja kikitoka kwa wakati wake na kuchora kilele. Mashine kutoa namba si hoja; hoja ni daktari aweze kuiamini. Tunafuata mwongozo wa kimataifa wa ICH M10 wa mwaka 2022, unaohusu kuthibitisha mbinu za kupima dawa mwilini.

Hatua ya 1: Plazma tupu. Hapa msiende mbio. Pata plazma isiyo na dawa ya watu 6 tofauti, bila kuichanganya, na uongeze yenye mafuta mengi na yenye chembe nyekundu zilizopasuka. Mahali inapotoka valproeti, kisitokee kilele kinachozidi asilimia 20 ya kile cha kiwango chako cha chini kabisa, yaani kiasi kidogo kabisa cha dawa unachoweza kukipima kwa uhakika. Mahali pa kiwango cha ndani, yaani kitu unachotia kwa kiasi kilekile katika kila sampuli ili ulinganishe dawa nacho, asilimia 5.

Mbinu nyingi hutumia asidi ya oktanoiki kama kiwango cha ndani. Ni pacha wa valproeti: kaboni 8, haidrojeni 16, oksijeni 2, mpangilio tu ndio mbali. Lakini asidi hiyo imo kwenye mafuta ya nazi! Mtu wa Unguja au Pemba aliyetoka kula wali wa nazi na mchuzi wa tui, nani anakudhaminia plazma yake? Kilele cha kiwango cha ndani kikivimba, uwiano wa kilele cha dawa kwa hicho unashuka, mgonjwa anaonekana ana dawa kidogo, dozi inaongezwa bure. Bora asidi ya sikloheksanikaboksiliki. Na hao watu 6, wengine watolewe damu baada ya kula.

Hatua ya 2: Mstari wa viwango. Viwango 6 au zaidi, yaani sampuli zenye kiasi cha dawa unachokijua, tuseme miligramu 5 hadi 150 kwa lita, vyote ndani ya plazma, si maji. Robo tatu yake virudi ndani ya asilimia 15 ya kiasi chake halisi. Cha chini kabisa kinaruhusiwa 20.

Hatua ya 3: Usahihi. Pima sampuli za ngazi 4 za dawa, kila ngazi mara 5, mizunguko 3 (kila mzunguko na mstari wake), siku zisizopungua 2. Mipaka ni ileile.

Hatua ya 4: Masalia. Baada ya kiwango cha juu, piga plazma tupu, uone kama mashine imebakisha dawa ya sampuli iliyotangulia.

Hatua ya 5: Uimara. Gandisha sampuli na kuziyeyusha mara 3, kisha ziache mezani, kwa joto la chumba chako.

Maswali kutoka miji ya Pemba

*Wete:* Maalim, kwa nini tutie asidi kabla ya heksani, kiyeyusho cha kuvutia dawa kutoka kwenye plazma?
*Jibu:* Kwa pH (kipimo cha uasidi) ya damu, 7.4, karibu valproeti yote ina chaji, haitoki majini. Shusha pH chini ya 3, itahamia kwenye heksani.

*Chake Chake:* Sampuli zetu zinavuka kwa boti hadi Unguja. Itakuwaje?
*Jibu:* Tenganisheni plazma hukohuko. Kisha ipimeni safari yenyewe: sampuli za ngazi ya chini na ya juu zikae kwenye kasha la barafu kupita muda wa boti na wa kungoja bandarini. Wastani ukitoka nje ya asilimia 15, tafuteni njia nyengine.

*Mkoani:* Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, tuendelee tulipoishia?
*Jibu:* Hapana, anzeni na mstari mpya. Vichupa vilivyokwisha tayarishwa mtavipiga tena ikiwa tu mlishathibitisha kuwa vinastahimili kukaa muda huo.