Mbwa anajikuna usiku kucha: fuata mpangilio kabla ya kuomba sindano

Mzio wa ngozi kwa mbwa haujifichi. Analamba nyayo hadi manyoya yanageuka rangi ya kutu, anajikuna kwapani, anatikisa masikio, anajitafuna kiunoni juu ya mkia. Wengi wetu hapa Arusha na Moshi tukiona hivyo tunakimbilia duka la dawa za mifugo kuomba "sindano ya mwasho". Mwasho unakwisha kweli, wiki tatu hivi, na ushahidi wa kinachouleta unafutika pamoja nao.

Vyanzo vikubwa ni vitatu: mate ya viroboto, chakula, na vitu vya mazingira kama chavua, ukungu na utitiri wa vumbi la ndani. Hakuna kipimo kimoja cha kuvitenganisha. Unavichambua kimoja baada ya kingine, na ukiruka hatua utarudi mwanzo.

Kabla ya yote tafuta daftari. Kila Jumapili upe mwasho alama, 0 hadi 10. Kumi ni mbwa anayeacha chakula ili ajikune. Bila daftari, mwezi ukiisha mtabishana nyumbani kama kuna nafuu au hakuna.

Hatua ya 1: viroboto na upele

Msimamishe mbwa juu ya shuka jeupe, uchane manyoya ya juu ya mkia kwa chanuo la meno yaliyobanana. Vumbi jeusi linalodondoka liweke kwenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Likibaki jeusi ni udongo. Likichuja wekundu wa kahawia kama chai ya rangi, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Usipoona kitu usiwafutie kesi: mbwa mwenye mzio hujilamba akawameza, na kuumwa mara chache kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa.

Mpime uzito (panda mzani naye, kisha toa uzito wako), ndipo ununue dawa. Kidonge cha fluralaneri hudumu wiki 12 na hupewa pamoja na chakula. Cha afoksolaneri hudumu mwezi 1. Vyote viwili huua viroboto, kupe na utitiri wa upele. Kama mbwa amewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari kwanza. Wanyama wote wa nyumbani watibiwe siku moja, ila paka apewe dawa ya paka: permethrini ya mbwa inamuua.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Viroboto walio mwilini ni takriban 5% tu ya ukoo mzima. Waliobaki ni mayai, mabuu, na wale waliojifunga kwenye vifuko wakisubiri, hata kwa miezi. Wanapenda kivuli na unyevu: chini ya magunia ya bandani, kwenye maranda ya mbao, nyufa za sakafu. Gunia la zamani lichomwe. Matandiko ya kitambaa yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, yaanikwe juani. Dawa iendelee miezi 3 bila kukatisha.

Upele una dalili yake. Shika ncha ya sikio, isugue kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani, na viwiko vina magamba, ushuku upele hata kama darubini haikuona kitu.

Hatua ya 2: bakteria na chachu (aina ya fangasi)

Ngozi iliyokwanguliwa huambukizwa. Vipele vya usaha na magamba ya mviringo ni bakteria. Mafuta, harufu kali na ngozi nyeusi nene kama ya tembo ni chachu. Ogesha mara 2 kwa wiki kwa shampuu ya klorheksidini ya 3% au 4%. Povu likae dakika 10 kwa kutazama saa, si kwa kukisia, ndipo usuuze. Ukisuuza baada ya dakika mbili umemwaga hela. Antibiotiki ni za kuandikiwa, na mwasho ukitulia siku ya tano bado dozi haijaisha.

Hatua ya 3: chakula

Mwasho ukiendelea mwaka mzima bila kujali masika wala kiangazi, jaribu chakula kwa wiki 8. Chagua nyama ambayo mbwa hajawahi kula. Kwa Arusha mbuzi hafai sana, maana mbwa aliyekulia karibu na nyama choma ameshatafuna mifupa yake, dagaa vilevile. Sungura ndiye rahisi kumpata. Mbwa mzima wa kilo 20 aanze na takriban gramu 300 za nyama ya sungura iliyochemshwa bila mifupa, gramu 500 za viazi vitamu na kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya alizeti kwa siku, mara mbili. Usitie kitunguu, kinamdhuru. Pima uzito kila wiki, akipungua, ongeza. Mbwa mdogo anayekua apangiwe na daktari.

Jaribio hili huharibiwa na mlinzi wa usiku anayemkatia mbwa tonge la ugali na maharage. Zungumza naye siku ya kwanza. Watoto pia, na vidonge vyenye ladha ya nyama; kwa wiki hizo tumia dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni.

Alama zikishuka, rudisha chakula cha zamani. Mwasho ukirudi ndani ya siku 14, umepata jibu. Kisha jaribu kimoja kimoja: ng'ombe, kuku, maziwa, ngano.

Hatua ya 4: mazingira

Yakishindikana yote, na mwasho ulianza kati ya miezi 6 na miaka 3, huo ni mzio wa mazingira. Hauponi, unatulizwa. Prednisoloni (kidonge cha steroidi) huanza na mg 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku, kisha inapunguzwa hadi siku moja anapewa, inayofuata hapewi. Oklasitinibu (kidonge cha mwasho kisicho steroidi) ni mg 0.4 hadi 0.6 kwa kilo mara 2 kwa siku, isizidi siku 14, kisha mara 1. Haipewi mbwa aliye chini ya miezi 12. Zote ni za daktari.

Maswali ya wanachama, kila moja na mahali lilikotoka

Sakina: Shikamoo daktari. Mbwa wangu anachomwa sindano kila mwezi, sasa anakunywa maji mno na tumbo limejaa. Niache?
Marahaba. Hizo ni dalili za steroidi, dawa iliyo kwenye sindano za mwasho, kuzidi. Usiongeze sindano nyingine, wala usikae kimya: mpeleke akapimwe, kwa sababu tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili huenda zimelala, na anahitaji kuachishwa polepole kwa vidonge. Mwanzie hatua ya 1.

Pasua: Dawa ya kuogeshea ng'ombe, au oili chafu ya gari?
Oili hapana kabisa. Ataila akijilamba, na inaunguza ngozi. Ya ng'ombe huenda ikawa amitrazi (dawa kali ya kupe), na kifuniko kwa ndoo ni kubahatisha. Ikizidi, mbwa analegea, moyo unapungua mapigo.

Marangu: Wangu analamba nyayo wakati wa mvua tu.
Tazama kwanza katikati ya vidole kama kuna funza. Kama hakuna, huenda ni nyasi. Akitoka bustanini osha nyayo kwa maji matupu, kausha katikati ya vidole. Unyevu unaobaki hapo unalisha chachu.

Njiro: Piritoni inasaidia?
Kidogo, na kwa mbwa wachache. Kabla ya kumpa soma paketi: vidonge vya mafua vilivyochanganywa na parasetamoli au pseudoefedrini vinaweza kumuua.

Usa River: Watoto wanaweza kuambukizwa?
Mzio hauambukizi. Upele na choa vinaambukiza. Mtoto akianza kujikuna mikononi na tumboni, yeye aende hospitali na mbwa arudi hatua ya 1.