Mtu akiomba taarifa za mgonjwa: la kufanya kabla hujafungua faili

Nimefanya kazi masjala ya hospitali kwa miaka mingi, na siri za wagonjwa nilizoziona zikivuja hazikuibwa na wadukuzi. Zilitolewa kaunta kwa nia njema, na mtu aliyemhurumia ndugu mwenye wasiwasi. Kwa hiyo naanzia pale ombi linapofika.

Hatua ya 1: Usithibitishe chochote. Hata "ndiyo, amelazwa hapa" ni taarifa. Kama wodi ni ya magonjwa ya akili, jina la wodi limeshautaja ugonjwa. Sema tu, "Nisubiri kidogo nihakikishe."

Hatua ya 2: Mjue anayeomba. Jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa havitoshi, maana mume, dada na jirani wote wanavijua. Aliye mbele yako aonyeshe kitambulisho. Aliye kwenye simu, agana naye, kisha piga wewe kwa namba iliyomo ndani ya faili, si ile anayokutajia. Hapa watu hunung'unika sana, na wengine hupaza sauti. Vumilia. Mfikirie mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga: anwani yake mpya imo kwenye faili hilo, na mume anaijua tarehe yake ya kuzaliwa vizuri kuliko wewe.

Hatua ya 3: Tafuta ruhusa. Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kupata kumbukumbu zake. Kanuni za HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996 inayolinda taarifa za afya, huipa hospitali siku 30 kumpatia; GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018, huipa mwezi mmoja. Ndugu aliyekuja kwa niaba yake alete ridhaa iliyotiwa saini, inayotaja kipi kitolewe, kwa nani na mpaka lini. Undugu peke yake si ridhaa. Akija wakili au polisi, pokea hati yake, mpelekee msimamizi wako, usiamue peke yako.

Hatua ya 4: Toa kinachohitajika tu. Bima inayolipia mguu uliovunjika haina haja ya kujua mimba iliyoharibika miaka kumi nyuma. Wengi huishia kunakili faili lote kwa sababu ni haraka zaidi. Chambua kurasa, hata kama foleni ni ndefu. Ila daktari anayemtibu usimbanie. HIPAA yenyewe haiweki kikomo hicho kwa taarifa za matibabu, na kumficha daktari mzio wa dawa kunaweza kuua.

Hatua ya 5: Tuma, kisha andika. Soma anwani mara mbili kabla ya kutuma, na kamwe usipige picha ukurasa wa faili kwa simu yako. Kwenye rejista weka nani amepewa, nini, lini na kwa ruhusa ipi.

Ukikosea, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Chini ya GDPR, hospitali ikishagundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika ina saa 72 za kuiarifu mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa, na kila saa unayonyamaza kwa hofu ni saa ambayo karatasi ile ingali mikononi mwa mtu asiyehusika. Mpigieni aliyeipokea, airudishe au aifute. Kisha mgonjwa aelezwe waziwazi ni kurasa zipi zilizotoka.