Kuchapa Fundo la Kikelti kwa Lino

Fundo la Kikelti, yaani mchoro wa utepe unaojisuka ukipita juu na chini kwa zamu, huharibikia kwenye makutano, pale utepe unapojipita. Wino waweza kuwa mzuri na karatasi ya bei, lakini utepe ukipita juu mara mbili mfululizo, jicho la mtazamaji linakwama hapo hapo hata kama hajui kwa nini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni penseli na rula.

Lino, yaani kuchonga mchoro kwenye linoleamu (tandiko laini lenye kitambaa nyuma), kuupaka wino na kuuchapa, ni mbinu iliyoenea karne ya 20. Waliochora Kitabu cha Kells, hati ya Injili yenye mafundo hayo, yapata mwaka 800, walipaka rangi kwa mkono juu ya ngozi ya ndama. Kazi yao iko Trinity College, Dublin, Ireland. Misukano kama hiyo imo pia kwenye sakafu za Kirumi na misalaba ya Ethiopia, kwa hiyo Wakelti hawakuianzisha, ila waliipeleka mbali kuliko wengi. Zile orodha za mtandaoni zinazosema fundo hili ni la mapenzi na lile ni la ulinzi, zisome kwa tahadhari. Hati za kale zenyewe haziambatanishi maana hizo.

Utahitaji kipande cha lino cha sentimita 15 kwa 20, chenye unene wa milimita 3 hivi, patasi mbili za lino (moja ya ncha ya V, nyingine ya U), rola ya mpira, kipande cha kioo, wino wa kuchapia na kijiko cha mbao. Maduka ya vifaa vya sanaa Nairobi huuza lino, ingawa si kila wiki. Usishawishike na zulia la plastiki la sakafuni ambalo watu huliita lino: ndani lina povu, patasi inararua badala ya kukata. Ukikosa kabisa, bora uombe mabaki ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) kwa seremala. Ni magumu, yanamaliza makali ya patasi, na mikunjo midogo hayaiwezi, lakini yanachapa.

Kuchora

Kwenye karatasi, chora mstatili wa sentimita 12 kwa 16, ugawe katika miraba ya sentimita 4: mitatu kwa upana, minne kwa urefu. Vipimo hivi si vya kubahatisha. Namba mbili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kama 3 na 4, hutoa utepe mmoja usiokatika. Ukichora 3 kwa 3 utapata pete tatu zilizopitana. 4 kwa 6, mbili.

Weka nukta katikati ya kila upande wa kila mraba, kisha unganisha nukta nne za kila mraba kwa mistari ya mshazari ili upate umbo la almasi. Nukta za pembeni kabisa mwa mstatili ni mahali utepe unapogeuka kurudi ndani. Hapo zungusha kidogo kwa mkono. Nukta za ndani ndizo makutano, na lazima ziwe 17. Zikipungua, kuna mraba umeuruka. Sasa nenepesha mstari: milimita 6 kila upande, utepe uwe wa milimita 12.

Juu na chini hufuata mpango ule ule wa ukili wa mkeka, na kuna njia ya kuupata bila kuufuatilia utepe wote kwa kidole. Makutano yaliyo kwenye mstari wa wima wa miraba: utepe unaopanda kuelekea kulia ndio upite juu. Yaliyo kwenye mstari wa mlalo: utepe unaoshuka kuelekea kulia ndio upite juu. Basi. Tia alama makutano yote 17 kabla ya kufuta mstari wowote, maana wengi hufuta kwanza, halafu hawajui tena utepe upi ulikuwa wapi.

Hamishia mchoro kwenye lino kwa karatasi ya kaboni. Chapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Fundo hili linasamehe: likigeuzwa, bado utepe unapishana sawasawa. Maandishi hayasamehi, wala mizunguko ya miguu mitatu inayoelekea upande mmoja, kwa hiyo hayo yachore kinyume.

Kuchonga

Anika lino juani dakika kumi ilainike. Kata kwanza mianya ya makutano: kwa patasi ya V, chonga mfereji wa milimita 1 hadi 1.5 kila upande wa utepe ulio juu, ukiukata ule wa chini. Anzia kwenye makutano ukitoka nje. Patasi ikiteleza kuelekea ndani, itapasua utepe wa juu na hakuna gundi itakayoficha jeraha hilo. Kisha chonga kingo zote, na mwisho usafishe uwanja, yaani sehemu tupu zisizo utepe, kwa patasi ya U. Kina cha milimita 1.5 kinatosha. Ukiona nyuzi za kitambaa cha nyuma, umezidisha. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya ncha, kila wakati.

Kuchapa

Tandaza wino kiasi cha kijiko cha chai kwenye kioo, viringisha rola hadi isikike ikinata kwa mlio mwembamba. Mlio mzito wa majimaji maana yake wino umezidi, na mianya yako itazibika. Paka lino tabaka jembamba mara mbili tatu, laza karatasi ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba, sugua kwa mgongo wa kijiko toka katikati kwenda nje. Inua kona moja utazame kabla ya kubandua.

Chapa ikitoka na madoa meupe, ni vumbi la lino au wino kidogo. Kivuli cha pili maana yake karatasi ilisogea, basi bandika vipande viwili vya kadibodi mezani kama kona ya kuizuia.

Wino wa maji hukauka upesi mno Januari na Februari, hata juu ya rola, kwa hiyo chapa asubuhi. Wino wa mafuta unakupa nafasi lakini huchukua siku kadhaa kukauka, na masika huongeza. Ukitaka kadi za sikukuu ya Mtakatifu Brigid wa Ireland, tarehe 1 Februari, chapa katikati ya Januari. Msalaba wake wa matete, ambao Waireland huuweka juu ya mlango kuomba kinga dhidi ya moto, ni mistari iliyonyooka tu na unatosha kipande cha sentimita 8.

Wino wa mafuta ufute kwa kitambaa na mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Usiumwage kwenye sinki. Lino iliyosafishwa ihifadhi ikiwa imelala, kwani ikikunjwa inapasuka.