Amplifaya ya zamani Mtwara na Lindi: ipime kwanza, ndipo uilipe

Ukionyeshwa amplifaya, igeuze. Jina la mbele, liwe Sansui, Pioneer, Marantz au Kenwood, litasubiri. Kinachoamua kwanza ni volti zilizoandikwa nyuma. Mashine za miaka ya 1970 zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, za Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka hivyo hivyo, ukiwa na bahati itakatika fyuzi tu. Ukikosa bahati trafo inaungua, na trafo ya modeli husika ni shida kuipata hata Dar es Salaam. Zenye swichi ya volti nyuma ndizo za kukimbilia: weka 240, au 220 kama 240 haipo. Ya volti 100 inahitaji trafo ya kushusha umeme yenye VA (kipimo cha uwezo wa trafo) walau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Angalia isiwe ya kutoa 110, maana hizo zimezidi.

Nenda na testa (mita ya kupimia volti, si bisibisi), balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwenye waya wa moto kwa mfuatano, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya, spika mbili za bei ndogo za ohm 8, na waya wa kuunganisha simu. Muuzaji akikataa kupimwa, mwache na mali yake.

Washa kupitia balbu, spika zikiwa hazijaunganishwa. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, mara nyingi transista za mwisho. Ikififia, iondoe balbu, chomeka moja kwa moja, iache ipate joto dakika 15, sauti sifuri. Sasa weka testa kwenye milivolti za DC (umeme kama wa betri) na upime matundu ya spika, kulia kisha kushoto. Chini ya 50 ni salama, unaweza kuunganisha spika na simu. Ikipita 100, inahitaji fundi kabla ya kugusa spika yoyote. Transista ikifa kwa shoti inapeleka DC yote kwenye spika na kuunguza koili ya besi, ndiyo maana kipimo hiki hakirukwi.

Sikiliza rilei pia, yaani swichi ya ndani inayounganisha spika: sekunde chache baada ya kuwasha inapaswa kulia "tak". Isipolia, huenda ulinzi umeona hitilafu. Upande mmoja ukipotea kwa sauti ndogo na kurudi ukiongeza, shuku nyuso za rilei zilizochafuka. Hiyo ni kazi ndogo, itumie kushusha bei. Mngurumo usiobadilika ukigeuza kitufe cha sauti huashiria kapasita kubwa za pawa (mitungi inayohifadhi umeme) zimechoka. Mkwaruzo wakati wa kugeuza unaisha kwa spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme. Petroli na mafuta ya taa visiguse humo.

Kisha fungua kifuniko, umeme ukiwa umechomolewa, na usiguse kapasita kubwa kabla ya testa kuonyesha chini ya volti 5. Mashine iliyokaa Shangani au Mikindani, karibu na bahari, tazama skrubu, miguu ya transista na soketi za nyuma: ukijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye alumini ni kutu ya chumvi. Ukiwa juu juu, husafishika. Ukifika kwenye njia za shaba za ubao, achana nayo. Fyuzi iliyofungwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara pia ni sababu tosha ya kuondoka. Na kama amplifaya inatumia moduli ya STK (kipande kimoja kinachokuza sauti badala ya transista) nayo imekufa, toa bei ya kibovu, kwa sababu za bandia ni nyingi na huungua upesi.

Kuuza, msimu wa korosho ndio wakati: kuanzia Oktoba pesa za mnada zikiingia Tandahimba, Newala na Masasi, wanunuzi wapo. Piga picha ya mgongo, ya ndani, na video fupi yenye sauti ya kulia na kushoto kando kando. Andika volti, milivolti ulizopima na kipuri kilichobadilishwa. Mnunuzi anayejua atalipia ukweli huo, na asiyejua hatarudi kukugombeza.

Ikienda kwa basi, usiiweke kwenye boksi moja. Trafo ni nzito na mtikisiko huikata miguu ya ubao. Ifunge kwa sponji nene, boksi ndani ya boksi, ikae chini juu ya miguu yake, na vitufe vya mbele vikiwa na nafasi ya vidole vitatu kutoka ukuta wa boksi.