Jino la kupandikiza: anza na mfupa, bei baadaye

Nauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, Mbeya, na wateja wakisikia gego langu la chini ni la kupandikiza, wote huanza na bei. Mimi nawaambia waanze na mfupa.

Kinachopandikizwa ni skrubu ya titani ndani ya taya. Jino la bandia hufungwa juu yake baadaye. Skrubu haigandishwi kwa gundi. Mfupa wenyewe huota ukaikamata, jambo ambalo mtafiti Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alilitumia kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Ndiyo maana pengo lisikae miaka: mfupa usio na jino hupungua. Daktari apige picha aone mfupa unatosha, na kama fizi zinatoka damu, zitibiwe kwanza. Mweleze ukweli wote kuhusu kisukari, sigara, dawa za mifupa na za kuzuia damu kuganda.

Kwenye bei, omba aandike kila kitu: picha, skrubu, jino la bandia, na siku za kurudi. Dai pia kadi yenye jina la kampuni na saizi ya skrubu. Ukihamia Songea na jino likalegea, daktari wa huko bila kadi hiyo atahangaika kujua atumie kifaa gani.

Kuwekewa kwenyewe ni kwa ganzi. Nilisikia mtetemo tu. Siku hiyo weka barafu shavuni juu ya kitambaa, na chai ya moto iache hata kama ni Julai na baridi ya Uyole inakung'ata. Kunywa uji uliopoa, kula viazi vya kuponda. Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Kisha subiri mfupa uikamate skrubu, mara nyingi miezi 3 hadi 6. Usimsukume daktari aharakishe, tafadhali.

Jino likishafungwa, halitoboki, lakini ufizi wake huugua na mfupa ukaliwa kimyakimya. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, ukiulaza pale jino linapokutana na ufizi. Usiku pitisha uzi wa meno: uzungushe nyuma ya jino, uvute huku na huku ukigusa pande zote mbili. Uchafu wa kande hujificha hapo.

Halafu, jino hili halina hisia ya kugundua kokoto mapema kama jino lako la asili. Chambua mchele na maharage vizuri. Mifupa na mahindi makavu ya kukaanga tafunia upande mwingine.

Damu, usaha, harufu mbaya au jino kucheza: nenda kwa daktari wiki hiyohiyo, usingoje liume. Hata kama ni zima, lipeleke likaguliwe kila miezi 6, au mapema zaidi daktari akikupangia.