Programu yako ya kwanza: chenji ya konda

Wanafunzi wanaokuja kwangu hapa Mbagala wakitoka shule hukimbilia kompyuta. Mimi nawapa kwanza karatasi na penseli, na hapo sikubali kubembelezwa. Ukiweza kueleza kazi hatua kwa hatua kwenye karatasi, umeshaiweza nusu ya programu.

Chukua kazi ya konda wa daladala. Abiria katoa noti ya 10,000, analipia watu wawili, nauli 600 kila mmoja. Konda anazidisha, anapata 1,200. Anaitoa kwenye 10,000, inabaki 8,800. Halafu anaanza na noti kubwa: 5,000 moja, 2,000 moja, 1,000 moja, anashuka hadi sarafu mpaka baki iwe sifuri. Ziandike hatua hizo kwa Kiswahili, kila moja na mstari wake. Mfuatano huo ndio algorithimu.

Sasa fungua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Guido van Rossum, aliyeibuni, aliitoa mwaka 1991, na ni ya bure. Kama huna kompyuta, simu ya Android yenye Pydroid 3, programu ya kuendeshea Python kwenye simu, inatosha kabisa kwa kazi hii. Andika mwenyewe, herufi kwa herufi. Ukinakili na kubandika vidole havijifunzi kitu.

```
kiasi = int(input("Ametoa shilingi ngapi? "))
nauli = int(input("Nauli ya mtu mmoja? "))
watu = int(input("Watu wangapi? "))
chenji = kiasi - nauli * watu
if chenji < 0:
    print("Hela haitoshi")
else:
    for pesa in [10000, 5000, 2000, 1000, 500, 200, 100, 50]:
        idadi = chenji // pesa
        if idadi > 0:
            print(idadi, "ya", pesa)
        chenji = chenji % pesa
```

Kiasi, nauli, watu na chenji ni vigeu, yaani majina yanayoshika thamani. Thamani hizo zinakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: umeme ukikatika zimepotea, ila faili ulilohifadhi utalikuta kwenye diski.

Hapo kwenye int ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutulie kidogo. Chochote kinachoingia kupitia input Python inakichukua kama maandishi, hata kama umebonyeza tarakimu tupu. Kwa maandishi, "2000" + "500" inatoa "2000500", kwa sababu yameunganishwa tu. Ukijaribu kutoa moja kwenye lingine, Python inagoma na kuandika TypeError. Kazi ya int ni kuyageuza maandishi hayo yawe namba kamili. Usiogope ujumbe mwekundu. Usome mstari wake wa mwisho, maana ndio unaotaja kosa.

If inachagua njia. For inarudia kazi ileile kwa kila pesa kwenye orodha. Alama // inagawanya na kuacha desimali, na % inakupa baki, ileile baki ya hesabu za shule ya msingi. Nafasi nne mwanzoni mwa mstari si urembo: ndizo zinazoiambia Python mstari upo ndani ya if au for ipi.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuendesha, rudi kwenye karatasi. Chora safu tatu, pesa, idadi na chenji, kisha jifanye wewe ndiye kompyuta. Kwa 10,000 idadi ni 0 na chenji bado 8,800. Kwa 5,000 idadi ni 1, inabaki 3,800. Kwa 2,000 ni 1, inabaki 1,800. Malizia mwenyewe. Kwangu zoezi hili lina thamani kuliko saa nzima ya kutazama video, kwa sababu jibu la skrini likitofautiana na la karatasi, unaona mstari gani umekupoteza.

Ukishapata jibu sawa, ivuruge programu kwa makusudi. Geuza orodha ianze na 50: konda atamrudishia abiria sarafu 176 za hamsini, na hesabu itakuwa sahihi vilevile. Kisha futa 2,000 kwenye orodha, kana kwamba konda ameishiwa, uone noti za 1,000 zinakuwa ngapi. Baada ya hapo jaribu swali gumu zaidi, kwa penseli kwanza: kama konda ana noti mbili tu za 1,000, utaongeza kigeu gani, na if yake utaiweka wapi?