Maneno ya mkuku na mataruma: ninavyoongeza msamiati wangu hapa Tanga

Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi Ngamiani. Siku moja mzee mvuvi alikuja nimwandikie barua ya kuomba msaada wa kutengeneza mashua yake. Nikachapa "ubao mrefu wa chini umeoza". Nilipomsomea, akanizuia. "Mwanangu, ule si ubao, ule ni mkuku. Na hizo ulizoziita mbavu ni mataruma." Nimezaliwa Tanga, vyombo navitazama tangu utotoni, na maneno yake sikuwa nayo. Iliniuma sana.

Kwanza nilinunua daftari la mfukoni. Kila neno nalipa ukurasa wake: nani kalisema, alikuwa anafanya nini, na sentensi yake kama alivyoitamka. Maana siandiki papo hapo. Naikisia mchana kutwa, kisha jioni ndiyo nafungua kamusi. Neno ulilolisumbukia halikutoki upesi.

Pili, wafuate wenye kazi zao. Mimi huenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Ukiuliza "hiki ni nini?" utajibiwa "samaki". Uliza "huyu mnamwitaje?" na utapewa kolekole, changu, tasi, kibua. Uliza kuhusu maji, utaambiwa bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanayojaa sana na kupwa sana. Na maji mafu ya katikati, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Fundi cherehani, mpishi wa shughuli, fundi mwashi, kila mmoja ana ghala lake. Shikamoo kwanza, swali baadaye, na usimsumbue mtu mwenye mteja.

Kwenye kamusi ndiko wengi hukwama, kwa sababu hulitafuta neno kama walivyolisikia. "Mashua imekalafatiwa": ondoa i-, -me- na -wa ya mwisho, utafute kalafati kwenye K, yaani kuziba nyufa za chombo maji yasiingie. Mataruma yako kwenye T, taruma. Nyavu ziko kwenye W, wavu. Nyuso kwenye U, uso. Usiishie maana ya kwanza. Utakuta vua ya samaki na vua ya nguo, kila moja na namba yake. Halafu watafute ndugu wa neno: vua, mvuvi, uvuvi. Neno moja limekupa matatu. Mimi hutumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981. Nakala yangu imechakaa jalada, lakini siiachi.

Mtandaoni sihitaji bando kubwa. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Anza na makala ya jambo unalolijua vizuri, ili neno geni lijieleze lenyewe. Habari za BBC na DW kwa Kiswahili nazisikiliza nikifungua kibanda, nachukua neno moja tu. Na ukitaka kuona neno linavyotumika, usilitafute peke yake, maana utaletewa lugha nyingine. Liandike pamoja na jirani yake ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "mkuku wa mashua", upate sentensi za Kiswahili.

Orodha za kukariri nilizijaribu, zikanipotea ndani ya wiki. Kilichonisaidia ni mdogo wangu aliyeko Dodoma. Kila usiku namtumia kwa WhatsApp ujumbe wa sauti wenye neno moja na sentensi yangu. Kabla ya saa mbili asubuhi anirudishie sentensi yake. Asiporudisha, kesho naleta neno lile lile. Alama ya vema naiweka daftarini yeye akishalitumia, si mimi. Bamvua lilichukua siku nne, kwani Dodoma hakuna bahari ya kumwonyesha. Siku ya tano akajibu: "Dada, mwisho wa mwezi dukani kwetu ni bamvua, ikifika tarehe 15 ni maji mafu." Nikaweka vema.